Fundo la Waasisi

Nyumbani,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba magoti yako yamepatana na zile ngazi. Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, anayeugua ni cherehani yake, inakohoa kila ikifika kwenye pindo. Baba naye ni mzima wa mwili, na habari zake nyingine utazikuta humu ndani. Vipi duka lako la nyuzi na vifungo? Na ule mlango wa jiko lako, je, umepata fundi, au bado unaushikilia kwa kile kikamba kikuukuu usijipigize na upepo? Nakumbuka likizo niliyokuja kwako nilishinda mchana kutwa nikijaribu kufungua fundo lake, nawe ukanicheka, ukasema walioshindwa kabla yangu walikuwa na suruali.

Uliniuliza kama sherehe ya kikosi chetu cha skauti ilifana, na kama kweli ni mimi niliyesoma historia mbele za watu, mimi ambaye nikitumwa dukani hurudi bila chumvi kwa kuona haya kumkatiza muuzaji maongezi yake. Ndiyo, shangazi, nilisoma. Na sherehe ilifana sana. Ilifana mpaka nikafukuzwa.

Nitakueleza yote tangu mwanzo, ingawa sasa najua kwamba mwanzo huo unaujua kuliko mimi. Vumilia. Unajua kwamba mdomo wangu ni mzito, lakini kalamu haina haya.

Tangu nimalize shule, nikiwa nasubiri matokeo, kila Jumamosi nimekuwa nikisaidia kundi la wasichana wadogo kikosini. Kazi yangu ilikuwa kuwapanga mistari, kuwafuta pua, na kuwafundisha mila za kikosi. Kikosi kingine huenda kikafundisha watoto kuogelea au kumhudumia aliyeungua moto. Chetu kinafundisha mila. Mwanzoni niliziamini zote kwa moyo wangu wote, nami ndiye niliyekuwa nikiwakemea wanaocheka. Nilipokuandikia kwamba nimekula kiapo, uliniandikia jibu la mstari mmoja tu, ukiuliza, hao bado wapo? Nilidhani umefurahi.

Mila ya kwanza ni kiatu. Anayekula kiapo anavua kiatu cha kushoto na kusimama na soksi kwenye sementi, kwa kuwa mmoja wa waasisi alimpa mwenzake kiatu chake katikati ya dhoruba. Ya pili ni Wito. Kabla ya kila mkutano tunaweka viganja mdomoni na kulia kwa sauti ndefu ya kupanda na kushuka, ile waasisi waliyoitumia kuitana gizani. Ya tatu ni Msafara, ambapo kikosi kizima hushika kamba moja na kutembea nyuma ya kiongozi huku kila mtu ameinamisha kichwa, kama waasisi walivyoshuka kutoka milimani wakiwa wanafikiri.

Na ya nne, iliyo mama wa zote, ni Fundo. Pale ukumbini kuna sanduku la kioo, na ndani yake, juu ya kitambaa chekundu, kuna kipande cha kamba ya katani chenye fundo ambalo mkono wa binadamu haujawahi kulifungua. Kila skauti analifunga fundo hilohilo kwenye skafu yake. Katika mashindano ya vikosi tunashindwa kwenye mafundo kila mwaka, tena tunashika mkia, na kila mwaka tunarudi tukiimba. Mkuu wetu wa kikosi husema waamuzi hawajafikia kiwango chetu.

Huyu Mkuu unamjua, na yeye nitamrudia. Anauza magodoro, na mwili wake umeanza kufanana na bidhaa. Watoto wanamwita Firimbi, kwa sababu firimbi haimtoki shingoni, hata dukani anaipuliza kumwita mchukuzi aliyesimama hatua mbili kutoka kwake. Katika wale waasisi wanne, wawili walihama zamani, wakabaki yeye na Baba. Firimbi akawa Mkuu, Baba akawa mshika bendera. Nilipokuwa mdogo nilimwona Baba kama mlingoti wenyewe. Siku hizi namwona kama kamba ya mlingoti, inayokwenda juu na chini kulingana na anayeivuta.

Kuna na mila ya tano, nayo haiandikwi popote. Msichana hashiki kamba. Kwenye Msafara sisi tunatembea pembeni tumebeba maji. Niliwahi kumwuliza Firimbi sababu, kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia kwa shida, akajibu kwamba waasisi waliona mbali. Hakusema waliona nini huko mbali.

Basi mwaka huu, kwa kuwa ni maadhimisho makubwa na mkaguzi wa vikosi alikuwa anakuja kama mgeni rasmi, Firimbi alitaka jambo ambalo halijapata kuonekana. Aliamua kwamba skauti mdogo kuliko wote ateremshwe kwa kamba kutoka roshani ya juu ya ukumbi hadi uwanjani, akiwa amefungwa kwa Fundo la Waasisi, ili wageni waone jinsi lilivyowaokoa wale wanne kule milimani. Skauti mdogo kuliko wote ni msichana wa kundi langu tunayemwita Sisimizi. Ana mapengo mawili mbele na haogopi kitu isipokuwa bata. Nilipoona jina lake limechaguliwa nilishangaa, nikadhani labda mila imelegezwa. Kumbe haijalegezwa. Msichana anaweza kufungwa kamba, lakini hawezi kuifunga.

Sasa, shangazi, mimi nimesoma kitabu cha skauti. Kilikuwa maktaba ya shule, nami nilikuwa mtu wa kukaa maktaba wakati wenzangu wako uwanjani. Fundo lililo sahihi liko ukurasa wa kwanza kabisa wa mafundo: ncha ya kulia inapita juu ya ile ya kushoto, kisha ya kushoto inapita juu ya ile ya kulia. Chini ya picha hiyo kuna picha nyingine imekatwa msalaba mwekundu, ya wale wanaopitisha kulia juu mara zote mbili. Kitabu kinasema hilo ni kosa la wanaoanza. Nilikiazima tena, nikaenda nacho mpaka kwenye sanduku la kioo, nikalinganisha. Kulia juu, kulia juu. Fundo letu takatifu ndilo lile la msalaba mwekundu. Na lina tabia moja ya ajabu: ukitaka lifunguke linagoma, usipotaka lifunguke linafunguka. Kwenye katani iliyolowa linakuwa jiwe. Kwenye kamba laini, ile ya nailoni ambayo Firimbi alinunua mpya kwa ajili ya sherehe, linateleza kama sabuni. Na hata lile lililo sahihi si la kuning'iniza mtu, kwa kazi hiyo kuna la kitanzi, kurasa chache mbele.

Sikutaka kuamini picha tu. Nilifunga ndoo ya maji kwa kipande cha nailoni, fundo letu lilelile, nikaining'iniza kwenye boriti ya banda la kufulia. Sisimizi alikuwepo, alikuja kuonyesha jino lililokuwa linalegea. Ndoo ilikaa. Nikaisukuma kidogo iyumbe. Ilianguka ikatulowesha miguu, Sisimizi akacheka sana, akataka nirudie. Nilirudia. Ilianguka tena.

Unajua ilivyo kwangu kumwendea mtu mzima. Nilizunguka duka la magodoro mpaka mchukuzi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikaingia. Firimbi alikuwa amekaa juu ya magodoro matatu kama mfalme, ana wateja. Nikamwonyesha kosa kwa vikamba viwili. Alicheka mpaka firimbi ikaruka kifuani. Akawaambia wateja kwamba huyu binti alifuta ubao shuleni mpaka chaki ikampanda kichwani. Akaniambia kitabu kimeandikwa na watu waliokaa mezani, Fundo limeandikwa na mvua. Nilipomwomba basi tujaribu kwanza na gunia la mchanga, alisema mila haipimwi kwa gunia. Na nilipomwomba angalau aweke godoro chini, maana anayo duka zima, alikasirika kweli, akasema huko ni kuwatukana waasisi. Akamalizia kwa kuniuliza kama Baba anajua kwamba nazunguka mjini nikiwasahihisha waliomlea.

Nilimwambia Baba mwenyewe. Alikuwa anasugua bizimu ya mkanda wake kwa majivu. Hakuinua kichwa. Alisema Mkuu anajua anachofanya. Nikamwambia ndoo ilianguka. Akasema ndoo si skauti. Shangazi, nilimtazama ule upara wake mdogo ulioinamia bizimu, na kwa mara ya kwanza maishani nikamdharau Baba. Sikujua kwamba dharau ina uzito namna ile. Nilishindwa hata kula.

Siku ya sherehe niliisoma ile historia. Firimbi ndiye aliyeitunga, mimi niliinakili kwa mwandiko wangu. Nilisoma kwamba katika mwaka wa mvua kubwa wavulana wanne walipanda milima wakiwa na kamba moja na imani. Nilisoma kwamba dhoruba iliwakuta, wakajifunga pamoja kwa fundo walilofunuliwa, wakakaa siku mbili bila chakula, mmoja akatoa kiatu chake, na asubuhi ya tatu wakashuka wenyewe wakiimba. Karatasi ilikuwa inapiga kelele mkononi kuliko sauti yangu. Watu walipiga makofi. Mkaguzi alitikisa kichwa kwa kuguswa, au kwa usingizi, miwani yake ilikuwa nyeusi.

Kisha tukapanda roshani. Kazi yangu huko ilikuwa kushika kiatu. Kwa mujibu wa mila Sisimizi alipaswa kuteremka na kiatu kimoja, hivyo nikasimama pale nimekumbatia cha kushoto kama mjinga. Firimbi alimzungushia mtoto kamba kiunoni, akafunga, kulia juu, kulia juu, akaliinua fundo watu walione. Wavulana wawili wakubwa walishika upande mwingine wa kamba wakingoja firimbi. Yeye akageukia kipaza sauti akaanza hotuba, ametupa mgongo.

Sisimizi akanivuta sketi. Aliniuliza kwa kunong'ona, dada, hili si lile la ndoo?

Nilitaka kupiga kelele. Ulimi wangu ulilala kabisa, shangazi, ukafa. Nadhani kama wangeningoja mimi niseme, tungekuwa tumeshazika. Lakini mikono haikuona haya. Niliweka kiatu chini. Nilishika kamba, nikaitelezesha kwenye nyonga za mtoto, akaruka nje ya kitanzi kama anacheza. Pale pembeni palikuwa na ngoma ya kikosi, ile ndefu nyembamba kiunoni, imepandishwa kwa ajili ya kushangilia. Nikaivisha kitanzi bila kuligusa fundo. Nikaipitisha juu ya ukingo, nikaiachia.

Wale wavulana walishtuka wakakaza mikono, kamba ikanyooka kwa kishindo, na Fundo la Waasisi likafunguka. Halikukatika, halikulegea polepole. Lilifunguka tu, kama mkono wa mtu anayesema kwaheri. Ngoma ilianguka mpaka chini na kupasuka kwenye sementi, mbele ya viatu vya mkaguzi. Haifiki hata nusu ya uzito wa Sisimizi, ile ngoma. Na chini hapakuwa na godoro hata moja.

Nikafikiri, sasa wameona. Nilifikiri hivyo kwa furaha kabisa, fikiria ujinga wangu. Firimbi aliangalia ngoma, akaniangalia mimi, akaangalia mikono yangu. Kisha akakisogelea kipaza sauti na kusema kwa huzuni kubwa kwamba ndugu wageni, mmejionea wenyewe kwa nini waasisi walikataza msichana kushika kamba.

Na wakapiga makofi! Si wote, lakini wa kutosha. Watu wazima, wenye watoto, wenye macho. Mkaguzi aliuliza kama kuna soda ya baridi. Mama yake Sisimizi peke yake ndiye aliyepanda ngazi. Alimbeba mwanawe, akaokota na kile kiatu, akanishika shavu, akashuka naye bila kumsalimu mtu. Nilimtafuta Baba kule chini. Alikuwa amesimama wima na bendera yake, anatazama mbele, kama mtu aliyechorwa.

Jana Jumamosi nikafukuzwa rasmi. Nako kuna mila yake. Kikosi kinapangwa mistari, Wito unalizwa, na Mkuu anamfungua mkosaji fundo la skafu kwa vidole vyake, kuonyesha kwamba kilichofungwa na waasisi kimefunguliwa. Tatizo ni kwamba skafu yangu nilikuwa nimeifua pamoja na fundo lake. Fundo lilikuwa jiwe. Firimbi alijaribu kwa kucha. Akajaribu kwa meno, uso wake karibu na kidevu changu, akinuka karafuu na hasira. Jasho likamtoka. Mtoto mmoja akacheka, wakafuata wengine. Mwishowe akapuliza firimbi na kuagiza kisu kutoka jikoni, akaikata skafu kama mtu anayechinja.

Kisu kilipotokea, Baba alianza kucheka. Sijawahi kumsikia akicheka vile. Kilikuwa kicheko kinachouma, mpaka bendera ikawa inatikisika na machozi yanamtiririka. Firimbi akamkazia macho, na nikaona kitu ambacho sikukielewa: Firimbi aliogopa.

Njiani kurudi Baba alitangulia mpaka tulipofika kwenye ile tanuri ya zamani ya matofali, nyuma ya soko. Akasimama. Akaniambia kwamba hii ndiyo milima.

Hapa ndipo utakaponisahihisha, shangazi, kama Baba ametia chumvi. Alisema walikuwa watoto wanne waliookota kitabu cha skauti kisicho na jalada, kurasa nyingi zimeng'olewa. Walitaka kupanda tanuri kama wapanda milima, wakajifunga pamoja viunoni, na ncha ya kamba wakaifunga kwenye nguzo. Hawakuwa wamepanda hata urefu wa mtu mvua ikanyesha, katani ikavimba, na mafundo yote yakagoma. Wakabaki pale wamefungwa kama kuku wa sokoni. Haikuwa siku mbili, ilikuwa mchana mmoja, na hata jua lilikuwa halijazama. Ile sauti ndefu ya kupanda na kushuka, ambayo nimewafundisha watoto kuilia kwa viganja mdomoni, ni wao walivyokuwa wakimlilia mama. Kiatu hakikutolewa kwa mtu. Kilinaswa kwenye tope mmoja wao alipojaribu kumkimbia bata mzinga huku bado amefungwa.

Na aliyewaokoa alikuwa msichana aliyetumwa kuwaita wakaoge, akaja na kisu cha jikoni mkononi kwa kuwa alikuwa anamenya viazi. Baba alisema uliwatazama kwanza, ukacheka, ukakaa chini ili ucheke vizuri. Kisha ukakata kamba kwenye nguzo, lakini hukuwatenganisha. Uliwaongoza hivyohivyo mpaka nyumbani, umeshika ncha mbele kama mtu anayetoa mbuzi malishoni, nao nyuma wameinamisha vichwa kwa aibu, mtaa mzima ukitazama. Huo ndio Msafara wetu, shangazi. Yule aliyekuwa mbele, ambaye Firimbi anajivika nafasi yake kila mwaka, alikuwa wewe.

Baba alisema mlipofika uliwakata mmoja mmoja. Fundo moja Firimbi alilificha, na miaka ilivyopita likapata kioo na kitambaa chekundu. Jingine ulilichukua wewe, ukasema ni la kukukumbusha usije ukazaa wajinga.

Nilisimama pale mbele ya tanuri nikaukumbuka mlango wa jiko lako.

Nilimwomba Baba awaambie watu. Alisema Firimbi ni mtu mzima sasa, ana heshima zake, ukweli utasubiri mpaka afe. Nikamwuliza, je, kama Sisimizi angetangulia kufa? Alivua kofia, akaivaa tena.

Sasa nitakuambia lililo moyoni, na unisamehe kama ni utovu wa adabu. Jana usiku sikumdharau Baba peke yake wala Firimbi peke yake. Nilikudharau na wewe. Nilijiuliza unawezaje kujua kitu hicho miaka yote hiyo, ukafungia mlango kwacho, ukaniacha nile kiapo na soksi moja kwenye sementi. Leo asubuhi hasira imepungua, nadhani nimeelewa. Uliona ni mchezo wa watoto, na mtu hajibizani na mchezo. Lakini walikua, shangazi, na mchezo ukakua nao, ukajenga ukumbi na roshani. Kicheko chako kilikuwa kizuri sana. Kilitakiwa kisikike.

Tena kuna jambo ambalo nimeshalifanya bila ruhusa yako. Leo asubuhi nilimkuta Sisimizi uani kwetu na wenzake, kundi lote, wameleta skafu zao wenyewe kwenye mfuko wa plastiki. Mama zao wamewatoa kikosini, wameniomba niendelee nao. Tulijaza gunia mchanga, tukapanda kwenye paa la banda la kufulia, nikawaonyesha fundo la kitanzi kutoka kitabuni. Sisimizi alikataa kuteremka mpaka gunia litangulie. Wamelipa jina, wanaliita Mheshimiwa. Kila mara kabla ya mtoto kushuka wote wanapaza sauti, Mheshimiwa kwanza! Najua kilichotokea mbele ya macho yangu, nilikuwa naona mila ikizaliwa. Nikajiambia hii angalau ina sababu.

Halafu wakataka niwaambie kikosi chao kimeanzaje. Nikawaambia. Niliwaambia yote, kuanzia viazi mpaka mbuzi, nikawaambia ni nani aliyeshika kisu. Walicheka mpaka mmoja akajikojolea. Kwa hiyo siri yako haiko tena, na kufikia kesho mama zao watakuwa nayo, na kesho kutwa itakuwa imefika kwenye duka la magodoro. Siombi msamaha kwa hilo. Ninaloomba ni kwamba uje, magoti yakikuruhusu, na uje na kile kikamba. Mlango wa jiko nitakutafutia fundi. Nataka watoto hao wapewe lile fundo wajaribu kulifungua kwa meno na kucha mpaka wachoke, na wakishachoka, uwape kisu.

Nisalimie majirani zako wa ngazi ya chini, na yule paka. Mama anakusalimu, anasema umletee sindano za cherehani, zile nene. Nilikuwa nimekusudia Baba asijue kwamba nakuandikia, lakini amepita hapa sasa hivi akiwa ameshika kofia, akauliza ni barua ya nani. Nikamwambia. Nilidhani atanikataza. Ameigeuzageuza kofia pale mlangoni, kisha akasema nikusalimie sana, na nikuandikie kwamba kile kiatu kilikuwa chake.

Mimi mtoto wa kaka yako, aliyefukuzwa,

Kimya